Vikwaruzo vya barafu kwenye pikipiki ya theluji: jozi ya kwanza ilinishinda, ya pili imetulia. Wenye uzoefu karibuni

#1 Baridi_ya_Makete

Wakuu, habari za majukumu.

Najua jukwaa hili ni la bodaboda, bajaji na IST, na najua wapo watakaofungua uzi huu ili wacheke tu. Chekeni, ruksa. Mimi mwenyewe nikiwa mdogo kule Makete nilikuwa nikiona umande umeganda juu ya majani ya viazi asubuhi, nikaamini hakuna baridi duniani inayozidi ile. Leo ni mwaka wa saba niko Minnesota, na mwaka juzi nilinunua pikipiki ya theluji ya mtumba: mbele ina ski mbili za usukani, nyuma ina mkanda mpana wa mpira badala ya tairi, unaozunguka kwenye reli. Wenyeji wanaiita sledi, nami nitaiita hivyo hivyo, maana jina refu nikiliandika mara mia vidole vitakufa ganzi.

Naandika kwa sababu siku yaliponikuta nilitafuta maelezo kwa Kiswahili nikakosa hata sentensi moja, na Waswahili wenye sledi huku si wachache tena.

Kisa kilikuwa Januari, ziwa Mille Lacs. Tulikuwa tunaelekea kwenye kibanda cha kuvulia samaki, maili kama 5 kutoka ukingoni. (Uvuvi wa kutoboa barafu nitaufungulia uzi wake siku nyingine.) Upepo ulikuwa umefagia theluji yote, ziwa limebaki kioo kitupu, unaziona nyufa chini yako kama mito kwenye ramani. Nikasema hapa ndipo pa kukanyaga mafuta. Maili ya tatu, dashibodi ambayo siku zote hunionyesha joto la injini nyuzi 50 na kitu, inasoma 88, na taa nyekundu inawaka. Pamoja na taa ikaja harufu. Mnajua ndoo ya plastiki ikitupwa kwenye moto wa takataka? Ile ile. Nikazima, nikakaa dakika 20 injini ipoe. Nawasha, nabonyeza mafuta, sledi haisogei. Plastiki zinazokaa chini ya reli zilikuwa zimeyeyuka, na niliposimama zikaganda zikiwa zimeng'ang'ania vyuma vya mkanda kama ukoko wa ugali kwenye sufuria.

Akaja mzee mmoja mvuvi aliyekuwa jirani. Hakusema kitu. Akainama, akachungulia chini ya sledi yangu, kisha akaninyooshea kidole kwenye ya kwake. Pembeni ya mkanda, kila upande, palikuwa na mkono mwembamba wa chuma umelala juu ya barafu, unene wake haufiki wa kidole. Yeye alifika kwa sababu ya hicho kimkono, mimi nikabaki. Dukani wanaviita skracha. Mimi naona "vikwaruzo" linatosha.

Nitaeleza nilivyochagua na nilivyofunga. Kwa mwenye haraka nasema mapema: nilihangaika na bei na jina la kampuni, kumbe maswali yalikuwa mawili tu. Unarudi nyuma mara ngapi? Na tundu unalitoboa wapi?

#2 Fundi_Gerezani

Mkuu nimecheka lakini nimebaki. Mimi ni fundi pikipiki hapa Gerezani, theluji nimeiona kwenye friji tu. Swali la kifundi: hiyo rejeta iko wapi mpaka chuma cha kukwaruza barafu kiipoze injini? Nijuavyo mimi rejeta inakaa mbele inakula upepo, feni inasaidia. Barafu imefuata nini hapo?

#3 Baridi_ya_Makete

Fundi, umeuliza lile swali ambalo mimi ningeuliza kabla ya kununua, nisingeunguza kitu.

Sledi nyingi za leo zinapozwa kwa maji kama gari, ila rejeta haitegemei upepo. Juu ya mkanda kuna bati refu la aluminiamu lililokunjwa kama mfereji uliofunikwa kifudifudi. Rejeta zimebanwa kwenye dari la huo mfereji, na nyingine mbele kabisa karibu na miguu yako. Mkanda ukizunguka unarusha theluji juu, theluji inagonga rejeta, inayeyuka, inaondoka na joto. Theluji ndiyo upepo wake.

La pili. Mkanda wa mpira haubebwi na magurudumu peke yake. Ndani yake kuna reli mbili za aluminiamu, na kila reli imevalishwa kwa chini plastiki ndefu, ngumu, jamii moja na vile vibao vyeupe vya kukatia nyama buchani. Mkanda nao una vyuma vidogo vidogo kwa ndani, na vyuma hivyo vinateleza juu ya hiyo plastiki muda wote unaotembea. Hakuna grisi wala oili. Kilainishi ni theluji inayoingia. Plastiki yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 130 na kidogo, na chuma kikiisugua kikavu kwa mwendo wa maili 40 kwa saa hakichelewi kufika huko.

Sasa ipeleke mashine hiyo juu ya kioo. Hakuna kinachorushwa. Injini inachemka juu, plastiki inaungua chini, kwa wakati mmoja. Kikwaruzo kinachora mfereji mwembamba kwenye barafu, unga wa barafu unaruka, mkanda unauchukua: mwingine unatua kwenye plastiki, mwingine unapanda kwenye rejeta. Kazi yake ni hiyo tu.

Na mwenye sledi ya zamani ya kupozwa kwa feni asijione yuko salama. Injini yake itapoa sawa, lakini plastiki za reli anazo kama sisi, na zinaungua vile vile.

#4 Fundi_Gerezani

Nimeelewa. Kwa hiyo oili yako ni barabara yenyewe unayopita. Aliyebuni hii alikuwa mtu wa imani. Endelea mkuu.

#5 Mwana_wa_Goma

Ndugu zangu, aliyezifanya hizi sledi zienee ni mtu wa huku kwetu. Miye niko Sherbrooke, Québec, na Valcourt si mbali na hapa, njo kule Joseph-Armand Bombardier alitoa Ski-Doo ya kwanza mwaka 1959. Lakini watu wa Minnesota nao wako na yao, Polaris ni ya kule kwao Roseau, tusigombane.

Baridi, leta hiyo sehemu ya kuchagua. Minangojea nikupinge.

#6 Baridi_ya_Makete

Haya, kuchagua.

Aina nilizokuta ni mbili. Ya kwanza ni ya springi: fimbo ya chuma cha springi, mwanzoni imeviringwa mizunguko miwili mitatu, kisha mkono unatoka nje, unavuka ukingo wa mkanda, unashuka ukielekea nyuma, na mwisho wake una ncha ya kabaidi, ile aina ya chuma kigumu sana. Ule mviringo ndio unaoisukuma ncha chini. Inauma barafu kweli kweli. Ya pili ni ya kebo: mahali pa fimbo kuna waya mnene wa chuma wa kusokotwa, ncha ya kabaidi ile ile. Hii inapinda upande wowote.

Nikanunua za springi, dola 60 na kitu, kwa sababu zilikuwa za bei nafuu na muuzaji aliniambia ndizo zinazotoka sana. Zikafanya kazi siku 3. Siku ya 4 nilikuwa naegesha karibu na kibanda, nikabonyeza rivasi.

Hapa Fundi utafurahi. Sledi nyingi za injini ya tu-stroki hazina gia ya kurudi nyuma. Unabonyeza kitufe, injini inapunguza mzunguko mpaka unadhani inazimika, kompyuta inabadilisha muda wa cheche, na injini yenyewe inaanza kuzunguka kinyume. Naam, inazunguka kinyume nzima nzima! Ni rahisi mno, na ubaya uko hapo, kwa sababu unasahau kwamba una fimbo mbili zimeelekea nyuma zimejichomeka kwenye barafu. Mita moja tu ilitosha. Ya kulia ilijikunja ikaingia chini ya mkanda, ya kushoto ikakatikia kwenye mviringo.

Ndiyo maana swali la kwanza ni rivasi. Mvuvi kama mimi, ambaye anaegesha, anageuza, anasogea kidogo kuunganisha kisleji cha vifaa, anarudi nyuma mara 20 kwa siku, na mara 3 kati ya hizo atakuwa amesahau. Huyo achukue kebo, na jozi yangu ya pili ndiyo hizo. Mtu wa njia ndefu za msituni anayekula maili 100 bila kugusa kile kitufe, springi zitamfaa.

Halafu tusichanganye mambo. Kuna misumari inayofungwa kwenye mkanda wenyewe ili usiteleze, na kuna vyuma vya kabaidi chini ya zile ski za mbele ili usukani ushike. Hivyo ni vya kushika njia. Vikwaruzo havishiki chochote, wala si breki. Jirani yangu ana misumari zaidi ya 90 kwenye mkanda na bado aliunguza plastiki, maana msumari unachoma tundu, hautoi unga wa kutosha.

#7 Mwana_wa_Goma

Sasa nakupinga kidogo, ndugu. Miye niko na jozi moja ya springi, hii ni baridi yake ya tano. Haijavunjika. Siri ni kuwa mkono wangu umezoea: kabla ya rivasi, nashuka, nazinyanyua zote mbili, natundika kwenye kishikizo. Kama vile dereva wa lori wa Goma anashuka kuweka jiwe chini ya tairi. Hajiulizi, anaweka tu.

Kebo nilishajaribu ya rafiki. Kwenye njia iliyoshindiliwa na mashine inafanya vizuri. Lakini kwenye barafu ile ya buluu, ngumu kabisa, ya baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, inadundadunda juu. Inaimba tu, haichimbi. Springi inasukuma, kebo inabembeleza.

#8 Baridi_ya_Makete

Hapo sikupingi. Kwenye barafu ya buluu hata mimi nimeona, mstari wa kebo ni mwembamba kuliko ule wa springi na joto linapanda nyuzi 4 au 5 zaidi. Lakini kikwaruzo kinachodunda kipo, kilichokatika hakipo. Mimi najijua, sishuki.

#9 Binti_wa_Rovaniemi

Kaka zangu, shikamooni kwa mnaostahili. Mimi niko Ufini, Rovaniemi, naongoza wageni kwenye safari za sledi, msimu wa sita huu.

Kwetu mjadala huo uliisha zamani. Mgeni anatoka kwao hajawahi kuona theluji, umempa maelekezo dakika 15, huwezi kumwambia ashuke kunyanyua fimbo. Tunafunga kebo sledi zote. Sledi zetu ni za injini ya mipigo minne, zina gia ya rivasi ya kawaida, na wageni wanaipenda hiyo gia kuliko ya mbele.

Ila nina mawili ya kuongeza ambayo sijaona mkiyasema. La kwanza, kikwaruzo cha kulia na cha kushoto si sawa. Nilimkuta kijana mpya kazini amefunga vya sledi moja kinyume, ncha zinatazama mbele. Ncha lazima iburutwe kwa nyuma, kama unavyoburuta fimbo mchangani ukitembea. Ikitazama mbele itajichomeka kwenye ufa wa kwanza, na hapo usinitafute.

La pili, kishikizo cha kutundikia. Dukani unakijaribu kwa vidole vitupu, kinakwenda laini. Huku nje una glavu nene, ni giza saa tisa alasiri, na kishikizo kimejaa barafu. Kabla ya kununua vaa glavu zako, ujaribu kunyanyua na kutundika bila kuangalia. Kama hauwezi, hautakitumia.

#10 Fundi_Gerezani

Marahaba binti. Baridi, swali la pili ulisema tundu. Toa maelezo, maana mimi ukisema kutoboa aluminiamu inayobeba mzigo napata wasiwasi.

#11 Baridi_ya_Makete

Wasiwasi wako ni wa haki. Hapa nitakaa kidogo.

Jozi ya kwanza niliifunga nyuma, karibu na magurudumu ya mwisho, kwa sababu huko mkono unafika kirahisi na drili inaingia. Joto la injini lilishuka kiasi, lakini plastiki ya mbele iliendelea kulika kama kawaida. Nilikuja kuelewa baadaye: unga wa barafu ulikuwa unazaliwa mkiani mwa mashine, na mashine inauacha. Nilikuwa namchimbia aliye nyuma yangu.

Mahali pake ni mbele, nyuma kidogo tu ya pale reli inapoanza kukunja kupanda juu. Hapo plastiki inabeba mzigo sana na hulika mapema, na unga unaochimbwa hapo una reli nzima ya kupitia kabla haujatoka. Ila kuna mpaka. Ukisogea mbele mno unaingia njia ya mikono ya saspensheni, ikibonyea vinagombana. Na usitoboe kwenye kunjo lenyewe, wala jirani na tundu jingine, wala ukingoni kabisa mwa reli. Reli ikipasuka bei yake utaikumbuka.

Kabla ya drili, chunguza kama reli yako ina matundu tayari. Sledi nyingi za miaka ya karibuni zinatoka kiwandani na matundu ya kazi hiyo, na wakati mwingine tundu limejaa matope tu, mtu anatoboa lingine sentimita 3 pembeni. Yangu ni ya zamani, haikuwa nayo.

Nilivyofanya: niliinua mkia wa sledi kwa stendi mpaka mkanda ukaning'inia, nikaosha reli, nikakausha. Nikashika kikwaruzo mahali ninapopataka, nikachora kwa kalamu ya wino mzito. Usitoboe bado. Nikashusha sledi, nikatupia mikanda ya kubania mizigo, ile ya racheti, juu ya kiti, nikaivuta mpaka saspensheni ikalala kabisa, kisha nikamwita mke wangu ashike kikwaruzo palepale kwenye alama. Lengo ni kuona mkono utakwenda wapi mashine ikitua kutoka kwenye tuta. Alama yangu ya kwanza ilikuwa mbaya: sledi ikibonyea mkono unagusa chini ya ubao wa kukanyagia miguu. Nikarudi nyuma kama inchi moja na nusu, ikakaa. Dakika 10 za mikanda ziliniokolea tundu la bure.

Angalia na ukingo wa mkanda. Mkono unauvuka ukingo huo, lazima upite bila kuugusa, saspensheni ikiwa juu na ikiwa chini, na mkanda ukiyumba kidogo kulia na kushoto kama unavyoyumba kwenye kona. Ukigusa utasikia kelele ya kukereza, na baada ya safari moja nyuzi za ukingo wa mkanda zitaanza kutoka nje.

Urefu wa ncha: sledi ikiwa imeinuliwa hewani, ncha zangu zinaning'inia kama inchi 2 chini ya mkanda. Ikiwa sawa na mkanda haitakuwa na nguvu ya kuuma. Ikishuka mno inakaa imepinda muda wote na kuchoka mapema. Wenye sledi za milimani, zile za mkanda wenye meno marefu ya inchi 2 na nusu au 3, chukueni mikono mirefu, ya kawaida itaishia hewani.

Na nyie wa milimani msiseme hamna maziwa. Barabara ya msitu ya kupandia, ile iliyoshindiliwa na magari mpaka ikawa kama lami nyeupe, ndiyo inayounguza. Meno marefu nayo yakipata joto pale yanaanza kunyofoka kwenye mkanda.

#12 Fundi_Gerezani

Sasa tuko kwangu. Mimi theluji siijui lakini aluminiamu naijua.

Piga panchi kwanza, usianze na drili mtupu, keekee itateleza ikuchore reli. Anza na keekee ndogo, ya milimita 3, kisha ya saizi kamili ya bolti. Drili iende polepole, tone la oili, na uitoe toe mara kwa mara, maana aluminiamu ina tabia ya kujaa kwenye meno ya keekee na kuishika. Ukimaliza, ondoa ukali wa ukingo wa tundu pande zote mbili. Ukali ule ndio mwanzo wa ufa.

Weka washa pana upande wa nati. Nati ya nailoni, mpya, si ile uliyofungua jana. Kama nati si ya nailoni weka gundi ya uzi ya buluu, ile ya kuzuia nati isilegee; nyekundu usiguse, siku ya kufungua utalia. Na usikaze kama unakaza tairi la Scania. Vijana wangu hapa ndivyo wanavyoua nyuzi. Karatasi iliyokuja na kifaa ina namba ya kukazia, ifuate.

Halafu swali: kichwa cha bolti kinaangalia wapi? Ndani kuna kitu kinachopita?

#13 Baridi_ya_Makete

Fundi Mungu akupe maisha. Ndiyo, upande wa ndani wa reli kuna meno ya mkanda na magurudumu madogo yanapita karibu. Mimi nimeingiza bolti kutoka ndani, kichwa kifupi cha mviringo kikae huko, nati ikae nje ninapoiona na ninapoifikia kwa spana. Kisha nikazungusha mkanda kwa mkono mzunguko mzima, polepole, nikisikiliza. Maili 30 za kwanza nikakagua nati zote. Moja ilikuwa imelegea robo mzunguko.

#14 Mkericho_wa_Minnesota

Kaka, nakupata vizuri, niko Brooklyn Park. Wasee, kitu moja. Msimu wa 2023 hadi 2024 hapa Minnesota ulikuwa na joto kuliko yote iliyowahi kurekodiwa, theluji ilikuwa ya kuhesabu. Mwaka huo ndio niliona watu wakikimbilia hizi vikwaruzo kama unga wa bei ya serikali. Njia zetu nyingi zinapita ndani ya mitaro ya barabara kuu, na theluji ikiwa chache mtaro ni nyasi, changarawe na barafu.

Lakini msome pia habari za barafu yenyewe. Wakubwa wa maliasili wa jimbo wanasema barafu mpya safi, inchi 4 kwa mtu wa miguu, inchi 5 hadi 7 kwa sledi. Barafu nyeupe, ile ya theluji iliyoloa ikaganda, ni dhaifu zaidi, wanataka unene maradufu. Desemba 2023 kule Upper Red Lake kipande kizima cha barafu kilijitenga na ukingo, zaidi ya watu 100 wakaokolewa. Hawa ni wavuvi wazoefu, si wageni kama sisi.

Na kwa wageni: ukiwa umezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1976, Minnesota wanakutaka uwe na cheti cha mafunzo ya usalama wa sledi. Kwenye ardhi na maji ya umma mwendo usizidi maili 50 kwa saa. Baridi, sijui siku ile ulikuwa unakimbia ngapi.

#15 Baridi_ya_Makete

Tusifufue makaburi, kaka.

#16 Mgeni_Alberta

Habari wakuu, mimi ni mpya huku, nimenunua sledi mwezi uliopita. Je, vikwaruzo vinashushwa muda wote? Na kama sina, nimekwama kwenye barafu, nafanyaje?

#17 Mwana_wa_Goma

Karibu ndugu. Kwenye theluji laini, ya kufika magotini, nyanyua, hazina kazi kule. Kwenye barafu na njia ngumu, shusha. Ukivuka barabara ya lami, ukipandisha sledi kwenye trela, ukirudi nyuma: nyanyua. Lami inakula kabaidi kuliko barafu ya mwezi mzima.

Kama hauna, chunga ile namba ya joto, usingoje taa. Ikianza kupanda tafuta theluji pembeni ya njia, ingia humo mita 50 au 100, cheza humo kidogo mpaka ishuke, kisha rudi njiani. Kama hakuna theluji, simama na uzime kabisa. Watu benyi wanasimama na kuacha injini inanguruma, basi, ndiyo wanaipika. Mkanda haurushi kitu ukiwa umesimama.

#18 Binti_wa_Rovaniemi

Na beba koleo dogo. Sukumia theluji ndani ya mkanda, juu ya reli, kabla ya kuwasha tena. Kama plastiki zimeshika mkanda, usilazimishe kwa mafuta. Shika mkia wa sledi, uinue na kuuachia, mara kadhaa, mpaka usikie zinaachia. Nimefanya hivyo nikiwa na wageni 8 wananipiga picha.

#19 Mgeni_Alberta

Asanteni sana. Nimekwenda kuchungulia yangu sasa hivi kwa tochi. Kila reli ina matundu mawili matupu mbele, moja liko karibu kabisa na kunjo, jingine kama sentimita 12 nyuma yake. Nitumie lipi?

#20 Baridi_ya_Makete

Una bahati, hautoboi. Anza na la mbele, lakini fanya lile jaribio la mikanda ya racheti kwanza. Kama mkono unagusa kitu saspensheni ikilala, hamia la nyuma. Sentimita 12 si mbali, plastiki bado itapata unga wake. Vikwaruzo vyote viwili vikae kwenye tundu la nafasi ile ile, kulia na kushoto, usifunge kimoja mbele na kingine nyuma. Ukimaliza tupia picha hapa Fundi akague.

Jumamosi naenda Mille Lacs, wanasema upepo umefagia tena. Nikirudi naandika.

#21 Fundi_Gerezani

Picha iwe ya mchana, na nati zionekane.

#22 Baridi_ya_Makete

Nimerudi. Maili 34, karibu zote barafu tupu, baridi nyuzi 17 chini ya sifuri. Joto la injini lilikaa 54 hadi 60 sehemu kubwa, mara moja likafika 66 nilipokuwa navuta kisleji dhidi ya upepo, likashuka lenyewe. Nimepangusa plastiki na kuzikagua kwa tochi: zimechakaa kidogo pale mbele, mstari wa alama ya uchakavu bado uko mbali. Rivasi nimetumia mara nyingi, mbili nilisahau kunyanyua. Kebo zilijikunja zikarudi.

Baya moja: kebo ya kushoto imeanza kuchomoza uzi mmoja, karibu na pale inapoingia kwenye ncha. Nimeukata kwa koleo usije ukashika mkanda. Mwenye kujua kama huo ndio mwanzo wa kufa kwake au itaendelea hivyo msimu mzima, aseme. Binti wa Rovaniemi, zenu mnazibadilisha zikifikia wapi?

#23 Binti_wa_Rovaniemi

Uzi mmoja, endelea. Zikitoka tatu au nne upande mmoja, au ncha ikianza kucheza ukiishika kwa vidole, badilisha zote mbili. Usibadilishe moja.